BARAZA YA MWALIMU: Kocha Akihama, Mtoto Hubaki na Nani?



Ndugu wasomaji, mwezi huu nilikusudia kuendelea na mazungumzo yetu juu ya kuwafundisha watoto kusoma na kuandika Kiswahili nyumbani. Limetokea jambo, hata hivyo, lililonilazimu kuyaweka kando mazungumzo hayo, na inshallah tutayarejea. Jambo lenyewe linahusu mpira wa kikapu. Najua wapo wazee wenzangu watakaosema, "Mwalimu naye leo amekosa la kuandika." Nawaomba wanivumilie hadi mwisho, kwani mpira hapa ni mlango tu. Kilichomo ndani ya nyumba ni elimu ya watoto wetu na fedha za kuilipia.

Usiku mmoja mwishoni mwa Aprili, baada ya sala ya isha, mama mmoja wa jamaa zetu wa hapa Ohio alinibishia hodi akiwa na mwanawe wa miaka 18. Kijana huyo ni mrefu, mpole, na kwa miaka minne amechezea timu ya shule yake ya sekondari. Tangu majani yalipoanza kupukutika mwaka jana, kocha wa chuo kimoja kidogo alikuwa akimfuata. Alifika nyumbani kwao, akavua viatu mlangoni bila ya kuambiwa, akala pilau, akamwahidi mama kwamba mtoto atakuwa amana mikononi mwake kwa miaka minne. Mama akaridhika. Fomu zikajazwa, barua ya kukubaliwa ikaja, na kilichobaki kilikuwa kulipa fedha za kushikia nafasi kabla ya tarehe 1 Mei.

Ndipo ikaja simu. Kocha amepata kazi ya usaidizi katika chuo kikuu kikubwa zaidi, jimbo jingine, na anaondoka wiki ile ile.

"Mwalimu," mama akaniambia, "mtu huyu amekula chumvi yetu. Sasa mtoto namkabidhi nani?" Yeye alikuwa amekata shauri la kuachana na chuo kile kabisa. Kijana naye alikuwa na shauri lake: asilipe chochote, angoje, huenda kocha akamwita huko aendako. Walitaka niamue baina yao.

Sikuwajibu usiku ule. Niliwaomba siku mbili. Nilikuwa na sababu ya kutokimbilia kujibu, nami nitaieleza hapo mbele, ingawa si sababu ya kujivunia.

KAZI ILIYOANZA DARASANI

Kwetu pwani, washabiki na watangazaji wa redio wamezoea kumwita kocha "mwalimu wa timu". Jina hilo lina ukweli mwingi kuliko tunavyodhani. Mchezo huu wa kikapu ulibuniwa na mwalimu. Alikuwa James Naismith, mzaliwa wa Kanada, aliyekuwa akifundisha mazoezi ya viungo katika chuo kimoja mjini Springfield, Massachusetts. Mwezi wa Desemba 1891 alitundika makapu mawili ya kutilia matunda, akaandika kanuni 13, akawagawa wanafunzi wake 18 pande mbili, tisa kwa tisa. Mwaka 1898 alihamia Chuo Kikuu cha Kansas, akafundisha huko na kuiongoza timu. Jambo la kuchekesha ni kwamba mtu huyu aliyeubuni mchezo alishinda michezo 55 na kushindwa 60, na hadi leo ndiye kocha pekee wa Kansas aliyeshindwa mara nyingi kuliko alivyoshinda. Hakuna aliyemfukuza. Aliajiriwa kuwa mwalimu, na timu ilikuwa sehemu tu ya ualimu wake.

Huko Kansas alipita mikononi mwake kijana mmoja mweusi, John McLendon. Kwa ubaguzi wa siku hizo kijana huyo hakuruhusiwa kuichezea timu ya chuo, lakini Naismith alimpa elimu ya ukocha. McLendon akaenda Durham, North Carolina, katika chuo kidogo cha watu weusi, akakabidhiwa timu mwaka 1940. Jumapili ya tarehe 12 Machi 1944, watu wa mji wakiwa makanisani, vijana wake walicheza kwa siri na timu ya wanafunzi weupe wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Duke, milango ikiwa imefungwa kwa kuhofia sheria na ghadhabu za watu. Vijana wa McLendon walishinda 88 kwa 44. Halafu wakachanganyika, weusi na weupe, wakacheza tena. Umma haukuijua habari hiyo hadi ilipoandikwa gazetini mwaka 1996. Baadaye, akiwa Tennessee, McLendon alitwaa ubingwa wa vyuo vidogo wa chama cha NAIA mara tatu mfululizo, 1957, 1958 na 1959. Na mwaka 1966 aliitwa hapa hapa Ohio, katika chuo cha Cleveland State, akawa mtu mweusi wa kwanza kuwa kocha mkuu wa kikapu katika chuo kikuu chenye wanafunzi wengi weupe.

Mwenzake alikuwa Clarence Gaines, ambaye kwa umbo lake walimpa lakabu ya "Nyumba Kubwa". Huyu alikikalia kiti kimoja cha ukocha, katika chuo cha Winston-Salem, tangu 1946 hadi 1993. Alishinda michezo 828, na mwaka 1967 akatwaa ubingwa wa taifa wa vyuo vidogo, akiwa na mchezaji mashuhuri Earl Monroe. Hebu tafakari: mzazi aliyemkabidhi mtoto mwaka 1950 na mzazi aliyemkabidhi mjukuu mwaka 1985 walikabidhi kwa mtu mmoja. Wapo na wengine wa namna hiyo. Herb Magee alikuwa kocha mkuu katika chuo kimoja cha Philadelphia tangu 1967 hadi 2022, akafikisha ushindi wa 1,144. Harry Statham alikaa McKendree, Illinois, tangu 1966 hadi 2018, akashinda mara 1,122. Ni hesabu zinazoshindana na za makocha wakubwa wa televisheni, ilhali majina yao hayajulikani nje ya miji yao.

KITI NA NGAZI

Lakini kwa kila kocha aliyeota mizizi, wapo wengi ambao kiti cha chuo kidogo kwao ni kipago cha ngazi. Wala hili halikuanza leo. Hapa Ohio, katika mji unaoitwa pia Springfield, kipo chuo cha Wittenberg. Ray Mears alikiongoza tangu 1956, akakiletea ubingwa wa taifa wa vyuo vidogo mwaka 1961, na mwaka 1962 akaitwa Chuo Kikuu cha Tennessee. Kiti chake kikakaliwa na Eldon Miller, naye akaondoka 1970, akapanda hadi mwishowe akawa kocha wa Ohio State. Baadaye akaja Larry Hunter mwaka 1976, akatwaa ubingwa 1977, na mwaka 1989 akahamia Chuo Kikuu cha Ohio kule Athens. Chuo ni kile kile, ubingwa umekuja mara mbili, na makocha watatu mashuhuri wote wamepita kama wasafiri katika kituo cha basi.

Kipo kisa kingine cha hapa kwetu ambacho vijana hukipenda. Chuo cha Rio Grande, kusini mwa jimbo hili, mwaka 1952 kilikuwa na wanafunzi wasiofika mia moja na kilikuwa taabani kwa fedha. Kocha kijana, Newt Oliver, alikwenda na mchezaji wake wa sekondari, Bevo Francis. Msimu wa kwanza walishinda michezo yote 39. Tarehe 2 Februari 1954 Francis alitia alama 113 katika mchezo mmoja dhidi ya chuo cha Hillsdale. Watu wakajaa viwanjani, fedha zikaingia, chuo kikapona. Mwaka huo huo wa 1954 kocha na mchezaji waliondoka wote wawili, na timu ikabaki na wale waliokuwako. Kila nikikisoma kisa hiki huwafikiria wale wachezaji wengine, ambao hakuna aliyewauliza wao wangependa nini.

Kwa hiyo tujue jinsi viti hivi vinavyofunguka. Msimu wa kikapu huanza Novemba na kwisha Machi. Machi inapokwisha, vyuo vikubwa visivyoridhika na ushindi wao huwaachisha kazi makocha. Kiti kikubwa kikiwa wazi hutwaliwa na kocha wa chuo cha kati, cha kati hutwaliwa na wa chuo kidogo, na wasaidizi nao huhama kuwafuata mabwana zao. Ni mfano wa watu waliokaa safu mkekani: akisimama wa mbele, wote husogea. Msukumo huo hufika kwenye vyuo vidogo Aprili, Mei, pengine hata Julai, wakati ambapo wazazi wamekwisha kulipa na mtoto amekwisha kununua mashuka ya bwenini. Chuo hutangaza nafasi, huunda kamati, huwahoji watu watatu au wanne, na katika muda huo timu husimamiwa na msaidizi ambaye mwenyewe hajui kama Agosti atakuwapo.

Na kazi ya kocha katika chuo kidogo si kushinda tu. Vyuo vingi vya aina hii huishi kwa ada za wanafunzi. Kocha anayeleta vijana 12 kila mwaka amekiletea chuo ada 12, na mkuu wa chuo huzihesabu. Si kosa kuwa hivyo, lakini mzazi ajue kwamba mgeni anayekula pilau yake huenda amekula pia katika nyumba nyingine 30, na kwamba nafasi za kuanza mchezo ni tano.

KOSA LANGU

Sasa nirejee kwenye deni langu.

Mwaka 2008, nikiwa na miaka michache tu katika nchi hii, baba mmoja rafiki yangu alinijia na swali karibu sawa na la mama huyu. Mwanawe alikuwa ameitwa na vyuo viwili. Kimoja kilikuwa karibu na nyumbani, kocha wake mzee mkavu wa maneno. Cha pili kilikuwa mbali, na kocha wake alikuwa kijana mchangamfu aliyempigia mtoto simu kila wiki. Cha pili kilitoa pia ufadhili wa michezo uliolipa zaidi ya nusu ya gharama. Nilishauriwa, nami nikasema kwa kujiamini: "Mfuateni mwalimu. Mwalimu ndiye chuo." Nilisema hivyo kwa kuwa ndivyo nilivyoamini maisha yangu yote. Nilifundisha sekondari Tanga, nikaachiwa timu ya kikapu kwa sababu ya urefu wangu tu, na vijana wale hadi leo hunipigia simu siku ya Idi. Nilidhani kila filimbi imeshikwa na mtu wa namna hiyo.

Kijana alikwenda. Baada ya mwaka mmoja kocha yule aliachishwa kazi. Kocha mpya alikuja na wachezaji wake. Mwishoni mwa Juni barua ilifika kwa yule baba, bahasha ndefu yenye nembo ya chuo. Baba hakusoma Kiingereza cha maofisini, akadhani ni hesabu za kawaida, akaiweka juu ya kabati amngoje mtoto arudi kutoka kwenye kibarua cha kiangazi. Ilikuwa imeeleza kwamba ufadhili hautaendelea mwaka wa pili, na kwamba mwanafunzi ana haki ya kusikilizwa na kamati ya chuo iwapo ataomba katika siku zilizotajwa. Siku zilipita bahasha ikiwa juu ya kabati. Agosti kijana akapata bili nzima. Hakurudi chuoni. Alifanya kazi katika ghala kwa miaka sita kabla ya kumaliza masomo yake usiku usiku, kwa fedha zake mwenyewe.

Baba yule hakunilaumu hata siku moja, na pengine ndiyo sababu neno lile halijanitoka moyoni. Kosa halikuwa kumsifu kocha. Kosa lilikuwa kutouliza fedha zimefungwa kwenye nini.

FEDHA ZIMEFUNGWA WAPI?

Hapa ndipo ninapoomba kila mzazi asome polepole. Tangu 1973 chama kikubwa cha michezo ya vyuo, NCAA, kimegawa vyuo katika madaraja matatu. Daraja la Kwanza ni vyuo vikubwa vya televisheni. Daraja la Pili ni vidogo kuliko hivyo, navyo huruhusiwa kutoa ufadhili wa michezo, aghalabu vipande vipande. Vyuo vya chama cha NAIA navyo hutoa. Daraja la Tatu, lenye vyuo zaidi ya 400, haliruhusiwi kutoa hata senti moja kwa ajili ya mchezo. Fedha ambazo mwanafunzi wa Daraja la Tatu hupewa hutokana na alama zake za darasani na uhaba wa kipato cha wazazi wake.

Wazazi wengi husikia habari hii wakahuzunika: "Kumbe mpira wake haulipwi?" Mimi nawaambia wafurahi. Fedha ambazo hazikutolewa kwa ajili ya mpira haziwezi kuondolewa kwa ajili ya mpira. Kocha akihama, mtoto akivunjika mguu, akiwekwa benchi, au akiamua mwenyewe kuacha, msaada ule unabaki maadamu anafaulu masomo na anatimiza masharti ya chuo. Lakini ufadhili wa michezo wa Daraja la Pili au wa NAIA ni jambo jingine: mara nyingi hutolewa kwa mwaka mmoja mmoja. Katika madaraja ya NCAA yanayotoa ufadhili huo, chuo kisipotaka kuuendeleza hupaswa kumwarifu mwanafunzi kwa maandishi kabla ya tarehe 1 Julai, na mwanafunzi ana haki ya kuomba asikilizwe. Kwa hiyo bahasha zote za Juni zifunguliwe siku ile ile. Asiyejua kusoma alete kwangu, hata usiku.

Baada ya siku mbili mama na kijana walirudi. Niliwaomba barua ya chuo. Tuliisoma neno kwa neno. Ilisainiwa na ofisi ya usajili, na ndani yake halimo neno "kikapu" wala jina la kocha. Chuo kilikuwa cha Daraja la Tatu. Msaada ulitolewa kwa alama za kijana, na nyongeza kwa kipato cha mama. "Mwanangu," nikamwambia mama, "kocha ameondoka na maneno yake. Fedha hizi hazikuwa zake, hakuweza kuondoka nazo."

Kwa kijana nilikuwa na maneno magumu zaidi. Nilimuuliza, "Huko anakokwenda kocha, yeye atakuwa nani?" Akajibu, "Msaidizi." Nikamuuliza msaidizi wa ngapi. Hakujua. Nikamwambia kwamba msaidizi hagawi nafasi, na kwamba akikataa chuo kinachomtaka kwa kungoja simu ya mtu ambaye mwenyewe amewasili jana, atakuwa ameacha mbachao kwa msala upitao. Alinyamaza kwa muda mrefu. Alikuwa akimpenda mtu yule, na si haki kumcheka kwa hilo.

MASWALI YA KUULIZA

Siku ya pili yake tulimpigia simu mkurugenzi wa michezo wa chuo, kwa kuwa ndiye mwenye kuajiri. Wazazi wengi hawajui kwamba wanaruhusiwa kumpigia. Alitujibu kwa adabu. Haya ndiyo maswali tuliyomuuliza, na nayaandika hapa ili myakate na kuyabandika jikoni.

Kwanza: Nafasi itajazwa lini, na hadi wakati huo nani anasimamia timu?

Pili: Kwa miaka kumi iliyopita chuo kimekuwa na makocha wangapi katika timu hii? Jawabu la mmoja au wawili si sawa na jawabu la watano.

Tatu: Wachezaji walioingia miaka minne iliyopita, wangapi wamehitimu? Si wangapi walicheza, bali wangapi wana shahada.

Nne: Msaada wa mtoto wangu umefungwa kwenye nini, nao unaendelea kwa masharti gani? Jibu litolewe kwa maandishi.

Tano: Hali ya chuo chenyewe ikoje? Swali hili si la ufidhuli. Tarehe 31 Mei 2024 chuo cha Birmingham-Southern kule Alabama kilifunga milango yake moja kwa moja, na siku ile ile timu yake ya besiboli ilikuwa hapa Ohio, mjini Eastlake, ikicheza fainali za taifa za Daraja la Tatu. Kocha alikuwapo, wachezaji walikuwapo, na chuo hakikuwapo tena.

Sita, na hili linatuhusu sisi: Ramadhani. Miaka hii mwezi mtukufu unaangukia ndani ya msimu wa kikapu, na utazidi kurudi nyuma, hata ifikapo 2030 utaingia mara mbili katika mwaka mmoja wa miladia, Januari na Disemba. Kocha aliyeondoka aliahidi mambo ya futari na daku kwa mdomo. Kocha ajaye hana habari ya ahadi hiyo. Waulizeni wenye bwalo la chakula na ofisi ya wanafunzi, kwani hao hawahami kila Aprili.

Nisiwasahau mabinti zetu. Timu ya kwanza kuwa bingwa wa taifa wa vyuo kwa wanawake, katika mashindano yaliyoanza 1972, haikutoka chuo kikubwa. Ilitoka Immaculata, chuo kidogo cha wasichana huko Pennsylvania, kilichotwaa ubingwa 1972, 1973 na 1974 chini ya kocha Cathy Rush, ambaye ujira wake wa mwanzo ulikuwa dola 450. Wakati huo zaidi ya tisa katika kila makocha kumi wa timu za wanawake vyuoni walikuwa wanawake. Sheria ya 1972 ilipokataza ubaguzi wa kijinsia mashuleni, fedha ziliongezeka katika michezo ya wanawake, na kiti kilipopata mto waume nao wakakiona. Sasa wanawake hawafiki nusu. Na binti asidhani kwamba mtandio ni kizuizi. Bilqis Abdul-Qaadir, mzaliwa wa Springfield ile ile ya Naismith, alicheza vyuoni akiwa amejisitiri, na alipozuiwa na kanuni za kimataifa yeye na wenziwe walizipinga hadi zikabadilishwa mwaka 2017.

Neno jingine kwa vijana waliokwisha hitimu: nafasi zinazofunguka ni kazi pia. Vyuo vingi vidogo huchukua wasaidizi ambao hulipiwa masomo ya shahada ya pili kwa kufundisha timu. Mshahara ni haba na safari za basi ni ndefu, lakini Bo Ryan aliyeifikisha Wisconsin fainali ya taifa mwaka 2015 alikuwa kwanza kocha wa chuo kidogo cha Platteville, akatwaa huko ubingwa wa Daraja la Tatu mara nne. Si vibaya siku moja mzazi wa Kiswahili afunguliwe mlango na kocha anayejua kusema "hodi".

Mama alilipa fedha za kushikia nafasi siku moja kabla ya muda kwisha. Ninapoandika haya kocha mpya bado hajatajwa. Walipokuwa wakiaga, kijana alibaki nyuma kidogo akifunga kamba za viatu, akaniuliza kwa sauti ya chini ili mamake asisikie: "Mwalimu, je, huyo mpya asiponitaka?"

Nikamwambia, "Basi utakuwa mwanafunzi."

Alitabasamu kidogo, si sana. Tumwombee dua.

Hadi mwezi ujao, inshallah. Wabillahi tawfiiq.

Mwalimu